Mshumaa wa Muuaji

Ulvesey, mashariki ya Uingereza
Wiki mbili baada ya Sikukuu ya Mishumaa, mwaka wa Bwana 1171

Kwa Baba mdogo Osgot, mtawa wa Brocwell.

Shikamoo, Baba mdogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na baridi ya huko magharibi haijakutesa magoti. Huku mto umeganda hadi katikati, siku tatu sikuvusha mtu. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa pacha, mmoja amekufa. Shangazi Ragnild haoni tena, ila mdomo wake bado mzima.

Habari kubwa ni kwamba Baba amefariki. Siku ya Mishumaa alitembea kama kila mwaka, miguu mitupu, kutoka kivukoni hadi kanisani, kamba shingoni na mshumaa mikononi. Theluji ilifika juu ya vifundo. Watu wa Haldan walisimama mlangoni kuupokea ule mshumaa kama kawaida yao. Siku iliyofuata alianza kukohoa, na siku ya kumi na moja akatutoka.

Anayeniandikia ni Padri Gamel. Anakusalimu. Amemzika Baba vizuri.

Kuna neno moja Baba aliniachia. Alisema, "Muulize Osgot, kitabu cha zamani cha kanisa kilisemaje kabla hajakinakili?" Alilirudia mara mbili. Padri anasema ni homa. Wewe unasemaje?

Na kwa kuwa Baba hakuacha mtoto wa kiume, wanasema mwakani nitembee mimi.

Mwanao,
Tova binti Ketel


Brocwell
Jumatatu ya Pasaka, 1171

Kwa Tova, binti wa kaka yangu.

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia Jumatano Kuu kwa mkono wa mnunuzi wa sufu. Sisi hatujambo. Abati wetu ana jino linalomsumbua na kwa hiyo sote tunasumbuka. Ngano imeota vizuri upande wa kilimani.

Nimemlilia Ketel. Alinibeba mabegani kuvuka mabwawa nilipokuwa mdogo. Nimemwombea misa tatu.

Kuhusu uliloniuliza: kitabu cha zamani kilikuwa kimeliwa na panya na unyevu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipewa kalamu nikaambiwa niandike kitabu kipya, nikaandika. Yaliyokuwemo siyakumbuki. Kurasa za zamani zilitupwa. Hakuna zaidi la kuuliza wala la kujibu, na Padri Gamel amesema kweli, homa humfanya mtu aseme mengi.

Usione aibu kutembea. Unyenyekevu haujamshusha mtu. Nakutumia kichupa cha mafuta ya mitishamba. Jipake nyayo kabla na baada.

Mimi, baba yako mdogo,
Osgot


Ulvesey
Mkesha wa Sikukuu ya Yohana Mbatizaji, 1171

Shikamoo, Baba mdogo.

Sote wazima. Mwaka huu mikunga, wale samaki kama nyoka, ni wengi mtoni, tunawakausha mpaka paa lote linanuka. Yule ndama aliyebaki anakua. Mafuta yako nimempaka mama yake kwenye kiwele kilichopasuka, na yamemfaa sana.

Barua hii haijaandikwa na Gamel. Nimepiga kasia nusu siku hadi kwa masista wa Holmere, na Sista Hawise ananiandikia neno kwa neno, hata haya. Nilimpelekea na barua yako aisome upya, kwa sababu Gamel, kama mapadri wengi wa huku, ana mke, naye ni dada yake Haldan, na nilidhani aliponisomea alificha kitu. Hakuficha. Maneno yote ni yako. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Wewe uliondoka zamani, basi nikukumbushe mambo yalivyo. Wanormani walipochoma kijiji hiki, watu walitawanyika, na waliporudi baada ya miaka kila ukoo ulikuja na hadithi yake. Sisi tulisema hapo kale msimamizi wa mashamba alimuua mvushaji, mzee wetu. Ukoo wa Haldan ukasema la, mvushaji ndiye aliyemuua msimamizi, mzee wao. Wote walijua mauaji yameandikwa kitabuni, na kwamba ndugu wa muuaji walipangiwa kuleta mshumaa kila mwaka kwa miguu mitupu. Lakini kitabu kilikuwa kimeoza na hakuna aliyeweza kukisoma. Ulipomaliza kunakili, Babu na baba yake Haldan walikubaliana kisomwe mbele ya watu. Kikasomwa: mvushaji aliua msimamizi. Babu hakubisha. Angebisha vipi, wakati mwandishi ni mwanawe wa kumzaa?

Juzi Haldan alipanda mashua yangu. Nikamwambia, "Mwakani sitembei."

Akasema, "Basi mwakani hutavusha pia. Kivuko na mshumaa vimeandikwa mstari mmoja."

"Vimeandikwa na nani?"

"Na baba yako mdogo, binti. Mtu gani atamwandikia baba yake uongo wa kujidhuru?"

Alicheka hadi ng'ambo. Kivuko anakitaka, hilo kila mtu analijua.

Sasa nikuulize. Sista Hawise anasema ngozi ya kuandikia haitupwi. Inakwanguliwa iandikwe tena, au inafanywa jalada. Zile kurasa zilitupwa wapi, Baba mdogo, na nani alizitupa?

Tova


Brocwell
Sikukuu ya Mkate Mpya, Agosti 1171

Kwa Tova.

Nimepata barua yako. Tuko salama, ila mvua imelaza shayiri.

Sikupenda namna ulivyoniandikia. "Ngozi haitupwi" si maneno ya mvushaji. Huyo Hawise ni nani, ni binti wa nani, na kwa nini anajali mambo ya Ulvesey? Nimeona watu wakitumiwa na majirani zao bila wenyewe kujua. Je, hukufikiri kwamba Haldan angefurahi sana kunisikia nikisema kitabu kina kosa, ili aende kwa askofu kusema ukoo wa wavushaji unaghushi maandishi? Wewe una uhakika gani na kalamu iliyo mbele yako?

Tuseme basi ukurasa ule ungekuwepo. Ungekusaidia nini? Wino wa mstari wa tatu umefifia, na penye tundu la nondo herufi mbili hazionekani hata ukiuinua dirishani asubuhi. Hakuna hakimu atakayeamua jambo kwa kitu kama hicho.

Tembea, mwanangu, ushike kivuko chako. Ni mwendo wa robo saa tu.

Osgot


Holmere, kwa masista
Siku moja kabla ya Mikaeli Malaika, 1171

Baba mdogo, shikamoo.

Shangazi Ragnild amefariki wiki iliyopita, hakuugua sana. Sina habari nyingine.

Wakati wa Pasaka uliniandikia kwamba huyakumbuki yaliyokuwemo na kurasa zilitupwa. Mwezi wa Agosti unajua mstari wa tatu umefifia. Hukusema ulikuwa umefifia. Umesema umefifia. Unajua penye tundu la nondo. Unajua asubuhi dirishani panaonekana nini.

Dirisha la nani?

Tova


Brocwell
Sikukuu ya Martino, Novemba 1171

Kwa Tova, binti wa Ketel.

Mungu amrehemu Ragnild. Alikuwa akinipiga kwa mwiko nilipokuwa mtoto, na kila mara nilistahili.

Dirisha ni langu. Ukurasa ninao. Nimeufunga ndani ya barua hii, na mchukuzi nimemwambia asimpe mtu ila Sista Hawise.

Nilipoondoka Ulvesey nilikuwa na zaburi yangu ndogo isiyo na jalada. Katika sanduku zilimotupwa ngozi za kitabu cha zamani nikachukua kipande kimoja nikaifungia. Sikukisoma. Nilikuwa mtoto aliyeaibika. Baba yetu aliniambia mlangoni, "Umetuandikia aibu kwa mkono wako," nami niliamini kwamba nilichoandika ni kweli, nikaona heri nikae mbali.

Huku magharibi nilimkuta mtawa mzee, Edric, aliyejua Kiingereza cha mababu kama kilivyoandikwa kabla ya Wanormani. Alinifundisha. Sikiliza nikueleze, na Sista akusomee polepole.

Sisi tukitaka kusema nani kafanya na nani kafanyiwa, tunatazama nani katangulia. Ukisema mbwa aliuma mtoto, mbwa ndiye mkosaji kwa sababu umemtaja kwanza. Geuza, na maana imegeuka. Mababu zetu hawakufungwa hivyo. Maneno yao yalikuwa na mikia, na kila jina lilitanguliwa na neno dogo linalobadilika. Mtendaji aliwekewa *se*. Aliyetendwa aliwekewa *thone*. Kwa hiyo ungeweza kumtaja yeyote kwanza na watu wasikosee. Ni kama sisi hapa mezani: zamani abati alijulikana kwa joho lake popote alipokaa. Sasa wote tumevaa joho moja, na anajulikana kwa kiti tu.

Huko mashariki mikia ilianguka mapema. Edric alisema ni kwa sababu tuliishi na Wadenmaki, na watu wa lugha mbili zinazokaribiana huachana na miisho wanayotofautiana. Mimi sijui. Najua kwamba mama yangu hakuwahi kusema *se* wala *thone*. Alisema *the* kwa kila mtu na kila kitu, nami vivyo hivyo.

Katika ukurasa wa zamani imeandikwa: *Thone mvushaji aliua se msimamizi.* Nikiwa na miaka kumi na tisa nikaandika: *The mvushaji aliua the msimamizi.* Nilidhani mwandishi wa kale alikuwa na tahajia ya ajabu, nami namnyoosha. Sikuhamisha neno hata moja. Nilibadilisha maneno madogo mawili tu, na aliyeuawa akawa muuaji.

Sasa unajua.

Osgot


Holmere
Siku nane kabla ya Krismasi, 1171

Baba mdogo.

Shikamoo. Mimi mzima.

Ukurasa umefika. Niliulaza kifuani ndani ya mashua kama mtoto mchanga na kuupeleka kanisani. Haldan alikuwepo, na watu wengi. Nilidhani mambo yamekwisha.

Gamel akausogeza kwenye mshumaa, akausoma kwa sauti. "The mvushaji aliua the msimamizi." Akaniangalia. "Mbona ni yaleyale, Tova?"

Nikasema, "Si *the*. La kwanza ni *thone*, la pili ni *se*."

"Ni *the* iliyoandikwa kwa madoido ya kizamani. Mimi nasoma tangu hujazaliwa."

"*Thone* ni ya aliyetendwa."

"Nani kasema?"

"Baba mdogo."

Haldan akawageukia watu. "Kwanza mtawa alituandikia kitabu. Sasa mtawa huyohuyo anatuambia kitabu chake si cha kweli, na ushahidi umekaa kwake miaka yote. Mnaona? Mkiwapa muda watatuonyesha na kidole cha marehemu."

Walicheka. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Hata rafiki zangu waliniangalia kwa jicho la pembeni, na siwalaumu, kwa maana wanausoma mstari kama wanavyosema, nami pia masikio yangu yanasikia hivyohivyo. Nikisomewa "mvushaji aliua msimamizi" namwona mvushaji na kisu. Najilazimisha kumwona vingine na siwezi.

Hakimu wa askofu anakuja siku ya Mishumaa kukagua kanisa. Haldan ameshapeleka shauri la kivuko kwake. Nahitaji maelezo yako yenye jina lako na muhuri wa abati wako, yatakayosomwa mbele ya kila mtu. Si siri ya mimi na wewe tena.

Na kuna kitu ulikiruka. Umenieleza ulivyokosea na ulivyojifunza. Hukunieleza lini. Nilipokuwa na miaka minne au mitano ulikuja kwetu, ukalala siku mbili. Baba alikuletea beseni akuoshe miguu, ukakataa, ukavaa viatu ndani ya nyumba. Nilikuwa nimekaa chini ya meza nikiviangalia viatu vyako. Siku hiyo ulikuwa unajua, au hujui?

Usiponijibu hilo, usinijibu kabisa.

Tova


Brocwell
Siku ya kumi na tatu ya Januari, 1172

Kwa Tova.

Barua hii inaletwa na mpanda farasi wa abati mwenyewe. Ndani yake kuna mbili: moja ya hakimu, yenye muhuri, na hii yako.

Nilikuwa najua.

Nilijua mwaka wa 1149, majira ya kupukutika majani. Edric alikuwa amefariki mwezi huo. Nilikuwa nabadilisha jalada la zaburi, nikaugeuza ukurasa, nikausoma kama alivyonifundisha. Nilikaa chini sakafuni. Nakumbuka kengele ililia nami sikuinuka.

Baada ya hapo Ketel alitembea mara ishirini na mbili. Nimezihesabu kila mwaka.

Unataka kujua kwa nini. Mwaka uleule walikuwa wamenifanya mkuu wa waandishi. Vijana walitumwa kwangu kutoka nyumba nyingine wajifunze kunakili bila kosa. Ningewaambiaje kwamba kazi yangu ya kwanza ilimwua mzee wangu mara ya pili na kuwafunga kamba baba na kaka yangu? Kila mwaka nilisema, mwaka huu nitaandika. Mishumaa ikipita, nilisema basi, bado mwaka mzima. Nilipokuja kwenu nilikuja kusema. Ketel akaniletea beseni, nikaona vidole vyake vya miguu, viwili havipo. Nikapanda farasi alfajiri. Naamini alinisoma usoni, ndiyo sababu akakwambia uniulize. Miaka ile yote hakuniuliza yeye mwenyewe.

Kuna jambo jingine, baya zaidi, na nimeliandika katika barua ya hakimu kwa sababu ndilo litakalokuokoa. Ukurasa ule una upande wa nyuma. Siku ya shauri, kabla hujaeleza lolote, mwombe Gamel ausome mstari wa kwanza wa nyuma kwa sauti, kwa namna yake. Umwache amalize. Kisha mwombe afungue kitabu kipya mahali palepale.

Utaona kwamba nikiwa kijana yule mstari niliugeuza. Niliona hauwezekani, nikayapanga maneno upya ili yalete maana. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Siku ile nilishaona kwa macho yangu kwamba watu wa kale waliweza kumtanguliza aliyetendwa. Kwenye mstari wa mauaji sikuuliza, kwa sababu ulileta maana bila mimi kuugusa.

Nimemwambia abati kila kitu. Amesikiliza akishika shavu lake. Nimeondolewa kwenye chumba cha waandishi na kupelekwa jikoni. Sijui kama ataniruhusu kusafiri tena.

Siombi msamaha kwa barua.

Osgot


Ulvesey
Wiki ya pili ya Kwaresima, 1172

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini jikoni kuna joto. Huku barafu imeyeyuka na mto umejaa, kazi ni nyingi. Ndama tumemuuza. Sista Hawise anakusalimu na anasema mkono wako wa kuandika ni mzuri, na kwamba hasemi hivyo kwa kukusifu.

Nikusimulie siku ya Mishumaa kwa utaratibu, kwa sababu hukuwepo.

Sikutembea. Nilivaa viatu vya Baba nikaenda kanisani. Haldan na watu wake walisimama mlangoni, na hakuna aliyenipisha, nikapita kwa kuwasukuma. Hakimu alikuwa ameketi karibu na altare, Mnormani mwembamba mwenye mafua, aitwaye Reiner. Kiingereza chake ni cha kuagizia chakula tu, hivyo Sista Hawise alimtafsiria kwa Kifaransa. Haldan akasema yake. Gamel akasoma kitabu kipya, kisha ukurasa wa zamani, vilevile kama alivyousoma kabla ya Krismasi. Hakimu akauliza kama nina la kusema.

Nikasema, "Padri atusomee nyuma."

Gamel akageuza ukurasa bila wasiwasi. "Mwaka huo," akasoma, "askofu alikuja kubariki kanisa, na siku ya pili, mlangoni, the askofu aliuma the mbwa."

Akausogeza ukurasa karibu na macho. Nadhani alikuwa hajausoma kabla.

"Rudia," nikasema.

"Pameandikwa vibaya."

"Soma palivyoandikwa, Padri. Wewe unasoma tangu sijazaliwa."

Akasoma tena, kwa sauti ndogo. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Alimuuma wapi?" Kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Hawise alijitahidi kutafsiri akashindwa, akaanza tena akashindwa, na hakimu akawa anatugeukia mmoja mmoja akiwa na leso puani. Alipoelewa hakucheka. Yeye ni mtu wa askofu.

Nikaomba kitabu kipya kifunguliwe mahali palepale. Hakimu alitaka Hawise asome, si Gamel. Mwandiko wako: *The mbwa aliuma the askofu.* Hapo ndipo nikatoa barua yako yenye muhuri, ikasomwa yote: *thone* ya askofu, *se* ya mbwa, *thone* ya mvushaji, *se* ya msimamizi. Ikasomwa pia ile ya mwaka wa 1149, na ile ya mara ishirini na mbili. Kicheko kiliisha kabisa. Hawise alikuwa akisoma na kutafsiri, na sauti yake ilipokauka hakuna aliyemharakisha.

Hakimu akaulinganisha ukurasa na kitabu, kidole huku na kidole kule. Kisha akasema, na Hawise akatuambia: "Mwandishi ni mmoja na maneno madogo ni yaleyale. Ama askofu aliuma mbwa, ama msimamizi alimuua mvushaji. Hamwezi kuchagua moja mkaacha jingine."

Hakuna aliyemchagua askofu.

Ameandika hukumu pembeni mwa kitabu. Kivuko ni changu bila mshumaa. Ukurasa umeshonwa ndani, ubaki hapo. Na kwa sheria ya zamani, watembee wa ukoo wa Haldan.

Siku chache baadaye Haldan alikuja kivukoni peke yake. Ana miaka sabini sasa. Tulipofika katikati ya mto akauliza, "Mwakani natembea mimi?"

Nilikuwa nimeyaandaa majibu tangu mwaka jana, Baba mdogo, na yote yalikuwa makali. Lakini alikuwa ameshika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, kama mtu asiyejua kuogelea. Nikamwambia, "Ukitaka kuleta mshumaa, lete. Njoo umevaa viatu."

Akasema, "Baba yangu alinihakikishia kwamba ni nyie."

"Hata sisi tulihakikishiwa."

Nilimvusha bure. Usiniulize kwa nini.

Sasa nikuambie na yako. Hukuniomba msamaha, na umefanya vizuri, maana ningekunyima. Siku zile nilipokushuku niliona afadhali, kwa sababu anayeshuku bado anatumaini amekosea. Kwa hasira nilitaka kukuandikia kwamba umemuua Baba. Nilimwambia Hawise aandike, akaandika, akaniuliza kama nataka mstari huo ubaki. Nikamwambia aukwangue. Mahali pake unapaona hapa juu, pamekuwa pembamba. Nimetaka upaone.

Gamel alimzika Baba upande wa kaskazini wa kanisa, palipo na kivuli, wanapowekwa watu wenye deni la dhambi. Wiki ijayo vijana wa kijiji watanisaidia kumhamishia kusini. Haldan amesema watoto wake watachimba, nami sijamkatalia.

Mwonyeshe abati wako barua hii. Mwambie naomba akupe ruhusa kabla ya Pasaka. Ukifika ng'ambo, piga kengele. Nitakuja kukuchukua, na beseni litakuwa tayari, na safari hii utavua viatu.

Tova binti Ketel, mvushaji wa Ulvesey